Kipimo cha DNA kilimwita kiwavi wangu nyigu: je, nikiamini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nashughulika na ukaguzi wa wadudu waharibifu mashambani. Nina nondo madume kutoka kwenye mitego ya feromoni (harufu ya jike inayovuta madume), na viwavi niliowachuma kwenye magunzi ya mahindi na kwenye nyanya. Wenzangu wananiambia nisipoteze muda na darubini, nitume DNA maabara, itaniambia kila kitu. Lakini mara ya mwisho nilituma viwavi sita: watatu majibu hayakutoka kabisa, wawili wakaitwa Helicoverpa armigera, na mmoja nikaletewa jina la nyigu! Wale watatu nilikuwa nimewaweka kwenye fomalini kama nilivyofundishwa. Kipimo hiki kinafanyaje kazi hasa, kinaaminika, na sampuli nizihifadhije?

Jibu: Marahaba. Tuanze na huyo nyigu, maana wengi wakiletewa jibu la namna hiyo hulitupa kapuni na kusema maabara imechanganya vichupa. Inawezekana, vichupa huchanganywa. Lakini mimi ningekuwa wewe ningelichukua hilo kuwa jibu lenye maana kuliko yote uliyoletewa.

Kiwavi unayemchuma shambani mara nyingi hayuko peke yake. Kuna nyigu wadogo sana, wengine hawafikii hata ukubwa wa punje ya ulezi, ambao kazi yao ni kutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Mayai yakianguliwa, mabuu ya nyigu humla kiwavi kutoka ndani, naye huendelea kutafuna gunzi kama vile hakuna lililotokea. Kwa nje huoni kitu. Ukikata kipande cha tumbo lake ukakitia kwenye kichupa, umetia wanyama wawili, na kipimo hakijui wewe ulimkusudia yupi. Kitasoma DNA iliyonakiliwa kwa wingi zaidi, basi. Yamenikuta mwenyewe. Niliwahi kupokea orodha ya majibu, na mbele ya namba niliyoiandika kwa mkono wangu kukawa na jina la nyigu wa familia ya Braconidae. Nikarudi kwenye chupa, nikatoa mabaki ya yule kiwavi, nikampasua chini ya darubini. Ndani ya tumbo, kando ya utumbo, alikuwepo buu mweupe, laini, amejikunja kama kipande cha uzi. Mashine ilikuwa sahihi. Mwenye kosa nilikuwa mimi niliyekata tumbo wakati miguu ipo.

Kwa hiyo hao wanaokuambia DNA itasema kila kitu, wasamehe, lakini usiwafuate. Kipimo hiki hujibu swali moja jembamba: herufi za DNA zilizomo kwenye kichupa hiki zinafanana zaidi na za nani kati ya wale ambao tayari wamo kwenye maktaba ya DNA? Matatizo yote unayoyaona, yakiwemo yale yatakayokukuta mbele ya safari, yamejificha ndani ya swali hilo.

Kabla ya kuingia huko, nikuulize na mimi: unahitaji DNA kweli? Kwa baadhi ya wadudu macho yanatosha. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, akishakua vizuri ana alama mbili ambazo ukizizoea hazikupotezi: mistari myeupe iliyokutana usoni kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mwili, kwenye pingili ya nane ya tumbo, madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Ukiziona zote mbili kwenye kiwavi wa mahindi aliyekomaa, kutuma sampuli maabara ni kupoteza fedha, isipokuwa kama mdudu huyo anaonekana kwa mara ya kwanza mahali hapo na unatakiwa kutoa ushahidi rasmi. Kwa kiwavi aliyeanguliwa jana mambo ni mengine, kwani alama hizo bado hazijajichora.

Helicoverpa ndiyo inayotesa. Funza wa vitumba, yaani Helicoverpa armigera, asili yake ni Afrika, Ulaya, Asia na Australia. Ndugu yake Helicoverpa zea ni wa mabara ya Amerika. Viwavi wa Helicoverpa huja kwa rangi ya kijani, ya waridi, ya kahawia na hata karibu nyeusi, ndani ya spishi ileile, pengine ndani ya uzao wa mama mmoja. Rangi haikusaidii kitu. Nondo wazima nao hufanana mno, na mtaalamu wa mofolojia, yaani wa kutambua kwa umbo la mwili, hulazimika kumchukua dume, kumtoa tumbo, kulichemsha kwenye dawa ya kuyeyusha nyama, kisha kuvipima viungo vya uzazi chini ya darubini na kuhesabu miiba midogo iliyomo humo. Ni kazi ya mikono iliyotulia na macho yaliyozoea miaka. Na watu wenye mikono hiyo wanapungua.

Hapo ndipo vinasaba vinapoingia. Kipande kinachosomwa zaidi kwa wadudu kinatoka kwenye jeni iitwayo COI, nayo haimo kwenye kiini cha seli, imo kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande hicho kitumike kama msimbo wa kutambulisha wanyama, mfano wa ile mistari myeusi inayosomwa dukani kwenye pakiti za bidhaa. Kina urefu wa herufi 658 hivi. Kilichaguliwa kwa sababu za kimatendo. Kila seli ina nakala nyingi mno za DNA ya mitokondria, kwa hiyo hata mguu mmoja wa nondo aliyekauka unaweza kutosha. Tena hubadilika kwa kasi inayofaa: ndani ya spishi moja ya nondo tofauti huwa kwa kawaida chini ya asilimia 1, na kati ya spishi mbili za jenasi moja mara nyingi huvuka asilimia 2. Piga hesabu: asilimia 2 ya herufi 658 ni herufi 13 tu. Jina lote la mdudu wako limesimama juu ya herufi chache kama hizo, ndiyo maana usafi wa sampuli si jambo la mzaha.

Kazi yenyewe maabara huenda hivi. Mguu husagwa au kulowekwa kwenye kimiminika chenye kimeng'enya kinachomeng'enya protini, DNA ikatoka, ikasafishwa. Kisha inafuata PCR, ambayo ni njia ya kunakili DNA. Vipande vifupi vya DNA viitwavyo praima vimetengenezwa ili vishike mwanzo na mwisho wa kipande tunachokitaka. Joto hupandishwa hadi nyuzi 94 au 95 za Selsiasi, nyuzi mbili za DNA zikaachana. Likashushwa hadi karibu 50, praima zikashika. Likapandishwa tena hadi 72, kimeng'enya kikajenga nakala. Mzunguko mmoja huongeza nakala maradufu. Mizunguko 30, kama kila kitu kimekwenda sawasawa, hukupa nakala zaidi ya bilioni moja kutoka kwenye moja. Kimeng'enya chenyewe, nitoke nje ya mada kidogo, chanzo chake ni bakteria waliogunduliwa kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Ndiyo maana hakiharibiki kwenye joto ambalo lingeivisha yai.

Nakala hizo husomwa herufi kwa herufi, halafu mfuatano wake hulinganishwa na maktaba. Mbili zinazotumika sana ni BOLD, iliyotokana na kazi ya hao wa Guelph, na GenBank ya Marekani. Hapa nataka usikilize kwa makini. Maktaba si msahafu. Mtu fulani, mahali fulani, alimkamata nondo, akampa jina, akasoma DNA yake, akaipandisha. Kama jina alilompa halikuwa sahihi, kosa lake limeingia maktabani likiwa limevaa suti. Wewe utaletewa "inafanana kwa asilimia 100" na utashangilia, kumbe umefanana na kosa. Jibu likija, usisome jina la kwanza tu. Tazama kama sampuli nyingi kutoka kwa watafiti tofauti zinakubaliana jina hilo, na kama yule nondo wa awali alihifadhiwa mahali ambapo mtu anaweza kwenda kumkagua tena. Sampuli kumi zinazosema armigera na moja inayosema zea katikati yao, hiyo moja ndiyo ya kuitilia shaka. Na kama jibu lako la karibu zaidi ni asilimia 93, basi hukupata jina. Umeambiwa tu kwamba mdudu wako huenda hayumo kwenye maktaba, na hilo nalo ni habari.

Sasa tuje kwa wale wawili walioitwa Helicoverpa armigera. Je, uamini? Nadhani ndiyo, kwa sharti moja ambalo wenye maabara huwa hawalisemi mpaka waulizwe: umeambiwa ukoo wa mama tu.

Mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama. Chukua jike wa zea aliyepandwa na dume wa armigera. Watoto ni chotara, nusu kwa nusu, lakini ukisoma COI yao utaambiwa zea, bila shaka yoyote, asilimia 100. Binti akipandwa na armigera, na mjukuu vilevile, baada ya vizazi kadhaa una mdudu ambaye karibu mwili wake wote ni armigera na COI yake bado inaimba zea. Hii si hadithi ya kutungwa darasani. H. armigera iliripotiwa rasmi Brazili mwaka 2013, ikiwa imeshaenea mashambani kabla watu hawajajua, kwa sababu kila aliyeiona alidhani ni zea waliyoizoea. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyosaidia kufumbua fumbo. Lakini watafiti walipokwenda mbali zaidi ya COI na kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya mdudu, walikuta spishi hizo mbili zimeanza kuzaliana huko. Na kilichovuka hakikuwa kitu cha bure. Armigera ana jeni iitwayo CYP337B3, iliyotokana na jeni mbili jirani zilizokatika na kuungana, nayo humpa usugu dhidi ya viuatilifu vya kundi la pairethroidi. Jeni hiyo ikaonekana ndani ya zea wa Brazili. Mkulima aliyepuliza dawa dhidi ya zea, akiwa na kipimo mkononi kinachosema zea, angeweza kushangaa kwa nini wadudu hawafi.

Kwa hiyo mahali ambapo spishi mbili ndugu zinaweza kukutana, omba jeni ya pili, na iwe ya kwenye kiini cha seli, ambako baba na mama wote wanachangia. Kwa Helicoverpa hutumika sana maeneo yaitwayo ITS. COI ikisema armigera na ITS ikasema armigera, lala usingizi. Zikigombana, una chotara, au mjukuu wa chotara, au mtu amegusa vichupa viwili kwa kifaa kimoja. Rudia kutoka kwenye mguu mwingine wa nondo yuleyule kabla hujaandika barua kwa mtu yeyote. Kama wadudu wako wametoka mahali ambapo zea hayupo na hajawahi kuingia, jeni ya pili inaweza kusubiri. Siwezi kukutwika gharama isiyo na sababu.

Kiwavijeshi vamizi ni kisa kingine cha aina hii, tena cha kuchekesha kidogo. Kwao Amerika ana makundi mawili yasiyotofautika kwa macho: moja hupenda mahindi, jingine hupenda mpunga na nyasi za malisho. Kwa miaka mingi COI ilitumika kuyatenganisha: kimeng'enya kiitwacho MspI, ambacho hukata DNA popote kinapokuta herufi CCGG, hukata kipande cha COI cha kundi la mahindi na kukiacha kizima cha kundi la mpunga. Mdudu alipoingia Afrika, akaripotiwa mwaka 2016, sampuli zikapimwa na nyingi zikaja na COI ya kundi la mpunga. Huku mashamba ya mahindi yanateketea! Walipopima jeni ya pili, Tpi, iliyopo kwenye kromosomu ya jinsi iitwayo Z, ikasema kundi la mahindi, kwa wale wale wenye COI ya mpunga. Anayetegemea COI peke yake angeandika ripoti inayopingana na shamba aliloliona kwa macho yake. Jeni hiyo ya Z ina faida nyingine: kwa nondo, tofauti na sisi, jike ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, Z na W, na dume ana Z mbili. Jike ana nakala moja tu ya Tpi, hivyo mfuatano wake husomeka safi. Dume akiwa na nakala mbili tofauti, utaona vilele viwili vimepandana kwenye grafu ambayo mashine huchora inaposoma herufi, na hapo unajua kwamba wazazi wake walitoka pande mbili.

Kuna kingine kinachoweza kuivuruga COI: Wolbachia. Ni bakteria wanaoishi ndani ya seli za wadudu na kupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto kupitia yai, wamepanda gari moja na mitokondria. Bakteria hao wakisambaa kwa kasi kwenye jamii ya wadudu, wanasambaa na mitokondria ya yule mama wa kwanza, na picha ya COI ikapindika. Nondo wa kabichi wa Australia wanakufundisha pande zote mbili. Kwa miaka mingi wote waliitwa Plutella xylostella. Misimbo ya COI ikaonyesha makundi mawili yaliyotofautiana kwa zaidi ya asilimia 8, na mwaka 2013 kundi la pili likapewa jina lake, Plutella australiana. Baadaye ikaonekana kwamba australiana wamejaa Wolbachia na xylostella wengi hawana, kwa hiyo mtu angeweza kuuliza: je, ni spishi kweli, au ni kazi ya bakteria? Watafiti wakapima jenomu ya kiini cha seli, na mgawanyiko ukasimama palepale, ingawa maabara wadudu hao wanaweza kuzaliana. Kisha wakawapima kwa viuatilifu: xylostella walikuwa na usugu ule unaojulikana, australiana wakafa kirahisi. Bila majina hayo mawili, ukipima usugu kwenye mchanganyiko wao unapata wastani usiomhusu yeyote.

Kuhusu wale watatu ambao majibu hayakutoka, ni fomalini. Aliyekufundisha hakukudanganya. Fomalini huhifadhi umbo vizuri sana, na ndiyo sababu inatumika. Lakini hufanya hivyo kwa kufunga protini na DNA pamoja kama gundi na kuikatakata DNA vipande vifupi. PCR inayotafuta herufi 658 mfululizo haiwezi kuvuka mahali palipokatika. Mara chache maabara yenye subira huweza kupata kipande kifupi cha herufi mia na kitu, na kipande kama hicho, kikiwa mahali penye tofauti, kinatosha kutaja spishi. Uliza kama wanafanya hivyo, lakini usitegemee.

Viwavi wa safari ijayo watie kwenye ethanoli kali, yaani spiriti, asilimia 95 au zaidi. Kiwavi amejaa maji, na maji yake hupunguza makali ya spiriti, kwa hiyo mwaga na uweke mpya baada ya siku moja, na spiriti iwe nyingi kuliko mwili wake mara kumi hivi. Kiwavi mkubwa mnene mtoboe kwa sindano pembeni ili spiriti iingie, la sivyo ataoza kutoka ndani na nje anaonekana mzima. Friza ikiwepo, weka humo. Usiue nondo kwa mvuke wa ethili asetati kama wafanyavyo wakusanyaji wa vipepeo, maana huharibu DNA, mgandishe tu. Lebo iandike kwa penseli na uitie ndani ya chupa. Wino wa kalamu za kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, nami nina chupa kadhaa kabatini zenye viwavi wazuri wasiojulikana walikotoka.

Nondo wa mitegoni ni habari tofauti. Kwanza, usidhani kwamba kilichoingia kwenye mtego wa feromoni ya armigera ni armigera. Harufu kuu ya armigera na ya zea ni kemikali ileile, na mitego ya kiwavijeshi vamizi inajulikana kwa kunasa nondo wengine wa jamii ya Leucania ambao, wakishapukutika magamba, hufanana naye vya kutosha kuharibu hesabu yako ya wiki. Pili, nondo aliyekaa mtegoni juani na mvuani kwa wiki tatu, ukungu umeshamla na DNA yake imesambaratika. Kagua mtego kila baada ya siku chache, na nondo wakiwa wakavu, waache wawe wakavu kabisa. Kibaya kuliko vyote ni nusu unyevu kwenye mfuko wa plastiki.

Kwa wingi wa nondo wa mitegoni huna haja ya kusoma mfuatano wa kila mmoja. Kuna vipimo vya PCR vya papo hapo vinavyotumia rangi inayong'aa pale tu spishi inayotafutwa ipo, na maabara nyingine hukusanya miguu ya nondo wengi kwenye kichupa kimoja na bado kipimo kikagundua mguu mmoja wa armigera katikati ya mamia ya miguu ya zea. Marekani walijikuta na uhitaji huo hasa baada ya armigera kunaswa Florida mwaka 2015: mitego inajaa zea kwa maelfu, na unamtafuta mgeni mmoja.

Halafu iko LAMP, njia nyingine ya kunakili DNA iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ambayo watu wa shambani wanaipenda kwa sababu haihitaji mashine ya kupandisha na kushusha joto. Hufanya kazi kwenye joto moja, kati ya nyuzi 60 na 65, na ndani ya saa moja kichupa kimebadilika rangi au hakikubadilika. Mimi naipenda pia, kwa kiasi. Ni nyepesi sana kuhisi, na wepesi huo ndio ugonjwa wake: ukifungua kichupa kilichokwisha kufanya kazi kwenye meza hiyohiyo unayoandalia sampuli mpya, kesho kila kitu kitakuwa na jibu la ndiyo, hata maji. Kila mara weka kichupa kimoja cha maji matupu na kimoja cha mdudu unayemjua. Kichupa cha maji kikibadilika rangi, majibu yote ya siku hiyo yatupe. Tena LAMP inajibu ndiyo au hapana kwa spishi moja tu uliyoiulizia. Mdudu mgeni usiyemtegemea hatatajwa.

Darubini usiiache. Mkate nondo mguu mmoja, ule wa maabara, na mwili uliobaki uutunze na namba ileile. Siku jibu likitiliwa shaka, mwili huo ndio shahidi pekee. Na kama anayehitajika ni dume wa Helicoverpa kwa uthibitisho kamili, iko njia ninayoipenda: badala ya kulichemsha tumbo kwenye magadi makali, liloweke usiku mmoja kwenye kile kimiminika cha kutolea DNA. Kimeng'enya humeng'enya nyama na kuacha ganda na viungo vya uzazi vikiwa safi. Asubuhi kimiminika unakipeleka kusafishwa kwa ajili ya PCR, na viungo unaviweka kwenye kioo cha darubini. Tumbo moja limetoa ushahidi wa aina mbili.

Ukituma tena, kwenye fomu usiandike tu "kutambua spishi". Andika mmea uliomkuta, kiungo ulichokata, spishi unazozishuku, na kwamba unaomba COI pamoja na jeni moja ya kiini kwa wale wa Helicoverpa. Waombe wakuletee mfuatano wenyewe na grafu zake, jina peke yake halitoshi. Vilele viwili vilivyopandana, au alama ya kusimama (herufi tatu zinazoiambia seli iache kujenga protini) iliyojitokeza katikati ya jeni, vinaweza kuwa dalili kwamba mashine ilisoma nakala mfu ya COI iliyohamia kwenye kiini cha seli zamani, na jina lililotolewa kwa nakala hiyo usilikubali.

Wale viwavi wa fomalini usiwatupe. Wasuuze, wahamishie kwenye spiriti ya asilimia 70, uwakague vichwa na madoa kwa darubini kabla rangi haijapauka. Na yule mwenye nyigu, kama bado unayo nusu yake, mpasue. Ukikuta buu ndani, nenda kwenye shamba lile lile ukachume viwavi wengine kumi, uwafuge kwenye vikopo na majani mabichi, uone ni wangapi watatoa nondo na wangapi watatoa nyigu, kabla mtu yeyote hajapuliza dawa hapo.